Nivae nini kucheza gofu kipupwe hiki? Dodoma upepo, Morogoro manyunyu, Mufindi ukungu

Binti wa Pangani (mleta mada)

Assalam aleykum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Nimehamia Dodoma kikazi, ofisi iko Mji wa Serikali Mtumba, naishi Ilazo. Gofu nilianza nikiwa Dar, pale Lugalo, na mchezo huu umeniingia moyoni kabisa. Sikutaka kuuacha kwa sababu ya uhamisho, kwa hiyo mwisho wa wiki naamka mapema na fimbo zangu kwenda kufanya mazoezi eneo la wazi upande wa Iyumbu, nikiwa na ile mipira laini ya mazoezi.

Shida yangu ni nguo. Mimi nimekulia mwambao, baridi tuliyoijua ni ile ya mvua ya masika. Hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi upepo unapenya mpaka kwenye mifupa. Navaa shati la pamba, juu yake sweta zito la kufuma, juu yake koti. Nikijaribu kuzungusha fimbo, mabega yanagoma, mpira unakwenda pembeni. Ikifika saa nne jua limewaka, jasho linatoka, navua vyote kwa mpigo, shati limeshalowa mgongoni, na upepo ukivuma nasikia baridi kuliko hata asubuhi.

Mwishoni mwa mwezi huu nakutana na wenzangu wa Dar pale Morogoro, wao wanakuja na treni ya SGR kutoka kwao na mimi kutoka huku. Halafu Julai tumealikwa Mufindi. Nataka nguo zitakazonifaa kote kuwili bila kubeba begi la pili. Navaa hijabu, mikono mirefu na suruali pana, hilo halibadiliki. Mfuko wangu ni wa kawaida, mitumba sina tatizo nayo.

Wenye uzoefu naombeni msaada.

---

Mkazi wa Nkuhungu

Karibu Dodoma dada. Mwezi wa sita na wa saba huku hakuna utani. Mimi ni bodaboda, natoka saa kumi na moja alfajiri. Jaketi zito la ngozi, zipu mpaka shingoni, ndani sweta mbili, na mchezo umeisha. Tafuta jaketi kama hilo, hata la mtumba linadumu miaka.

---

Fundi wa Majengo

Wa aleykum salaam binti. Nitajibu kwa urefu, uniwie radhi, maana umeuliza jambo ninalolipenda. Ujana wangu nilibeba mabegi ya wachezaji wa gofu Morogoro, chini ya Uluguru, na maisha yangu ya ukubwani nimeyamaliza kwenye cherehani hapa Majengo. Mchezaji akisimama mbele ya mpira, mimi macho yangu huenda kwapani na mabegani kabla ya kuangalia fimbo.

Kijana wa Nkuhungu amesema la kweli upande mmoja: anaziba upepo. Lakini yeye amekaa, mikono iko mbele kwenye usukani, hazunguki. Wewe unazungusha kiuno, bega na mkono kwa pamoja, halafu unatembea kilomita kadhaa. Jaketi lake litakufunga.

Baridi ya Dodoma usiipime kwa nyuzi peke yake. Asubuhi za Juni hadi Agosti hushuka mpaka 13 au 14, na saa nane mchana inafika 26, 27. Nyuzi 14 si baridi ya kumtisha mtu, Njombe wangeiita asubuhi njema. Kinachokuumiza ni upepo wa kusini-mashariki unaokuja juu ya uwanda ambao miti yake ni ya kuhesabu. Mwili hujitengenezea utando wa hewa yenye joto juu ya ngozi, na nguo kazi yake ni kuulinda utando huo usiondoke. Sweta la kufuma lina matundu kila mahali. Mahali pasipo na upepo linafaa sana, hewa inatulia ndani ya yale matundu. Upepo ukivuma, hewa yote inachukuliwa, na wewe umebaki na uzito tu mabegani. Ndiyo maana unavaa sana na bado unatetemeka.

Kwa hiyo anza na nguo ya nje. Tafuta jaketi jepesi la nailoni, lile linalokunjika likaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi la fimbo. Lisiwe na pamba ndani. Jumamosi nenda mnadani Msalato, au pitia Machinga Complex, uyakague moja moja. Lishike jaketi karibu na mdomo, weka kiganja upande wa pili, puliza kwa nguvu. Ukiisikia pumzi kiganjani, lirudishe. Ukisikia kidogo sana, hilo limefumwa kwa kubana, litakufaa. Kisha lisugue kidogo ulisikilize. Yako majaketi yanayopiga kelele kila mkono unapoinuka, na mwenzako anayejiandaa kuingiza mpira shimoni anahitaji kimya. Hili watu hawalifikirii, lakini wachezaji niliowabebea walilijali mno.

Nguo ya katikati ndiyo ninayoipigania kuliko zote: kizibao. Kizibao kisicho na mikono, cha kitambaa chepesi chenye manyoya mafupi kama blanketi la mtoto, au cha sufu nyembamba. Kifua na mgongo ndipo penye moyo na mapafu. Pakipata joto, damu inafika mikononi ikiwa na joto lake. Mikono yenyewe ukiiacha na shati tu, bega linazunguka huru. Nimewashonea watu wengi vizibao na sijamwona aliyerudi kwenye sweta la mikono kwa ajili ya kucheza. Kwa wewe unayevaa mikono mirefu tayari, kizibao kimekaa mahali pake kabisa.

Ya ndani: hapa Dodoma sina ugomvi na pamba nyepesi. Hewa ya huku ni kavu, jasho linakauka hata hujaliona. Hilo nalo ni hatari ya aina yake, kwa hiyo kunywa maji hata kama husikii kiu. Lakini Morogoro hewa ni nzito, pamba ikilowa inabaki imelowa mpaka unarudi nyumbani, na pamba iliyolowa haina joto lolote, inakunyonya tu. Kwa safari zako nunua fulana za mazoezi za polista, mikono mirefu, zisikubane. Wiki iliyopita nimeziona sokoni kwa elfu tano mpaka saba, nzuri tu. Shati lenye kola livae juu yake, maana viwanja vingi vya gofu vinadai kola, na jinzi havitaki. Hata vingeitaka mimi ningekukataza, jinzi ikinyeshewa inakuwa mzigo.

Sasa lile la jasho la saa nne. Ukivua baada ya kulowa umechelewa. Ukianza mazoezi ukiwa na kajibaridi kidogo, uko sawa, maana ukishatembea na kupiga mipira michache joto linapanda. Mara tu unapoona mgongo unaanza kuchemka, fungua zipu. Ukiendelea kuchemka, toa jaketi, ubaki na kizibao. Kizibao nacho utakiondoa jua likishika. Na ukisimama kusubiri wenzako wapige, jaketi lirudi mabegani kabla baridi haijakukumbusha. Moja baada ya moja, kwa zamu. Usilifunge jaketi kiunoni, mikono yake inaning'inia mbele ya mapaja na inakugusa unapozunguka.

Jambo la mwisho ni kwapa, na hapa ndipo kazi yangu ilipo. Nguo nyingi za dukani mkono umeshonwa ukiwa umeelekea chini, kwa ajili ya mtu anayesimama na kutembea. Ukiinua mikono kuelekea bega la kulia, ubavu wote wa jaketi unapanda nayo, na kola inakusukuma shingo. Ndicho kinachokutoa kwenye mstari, binti. Ukilijaribu jaketi usinyooshe mikono mbele kama wanavyofanya wengi. Shikanisha viganja kama umeshika fimbo, zungusha mpaka nyuma, kisha mpaka mbele. Upindo wa chini ukipanda ukapita mkanda, halikufai bila kutengenezwa.

Likikosekana linalofaa, lete lolote lenye kitambaa kizuri. Nafumua mshono wa kwapani, upande wa mkono na upande wa ubavu, naingiza kipande cha pembe nne, sentimita kumi kwa kumi hivi, nakigeuza kona zake zifuate mishono. Ni kikwapa kilekile mnachokijua watu wa mwambao kwenye kanzu. Natumia kitambaa kinachovutika kidogo, uzi wa polista, na mshono nauzungushia mara mbili kwa sababu pale ndipo panapovutwa kila mpigo. Kazi ya nusu saa, na mkono unainuka bila kuliburuta jaketi.

---

Dada wa Chang'ombe

Fundi umemaliza. Mimi niongeze la hijabu, maana nakimbia kila asubuhi kuzunguka UDOM na upepo wa kule mlimani naujua.

Mtandio mrefu unaoning'inia utakusumbua. Ukiinama juu ya mpira upepo unaupeperusha mbele ya macho, na ukiubana na pini nyingi shingo haigeuki. Vaa ile hijabu ya jezi, ya kuvutika, inayovaliwa kichwani bila kuzungushwa, halafu ncha zake zote ziingize ndani ya kile kizibao alichosema fundi, mbele na nyuma. Shingo inapata joto, masikio yamezibwa, na hakuna kinachopepea. Jua likizidi unaweka kofia ya pama juu yake. Kapelo inakinga paji la uso tu, mashavu na shingo vinaachwa, na jua la Dodoma halisamehe ngozi hata siku yenye upepo wa baridi. Baridi inakudanganya kwamba jua halipo. Paka mafuta ya kukinga jua asubuhi kabla hujatoka.

Suruali pana ichague isiyo pana sana kwenye kifundo cha mguu. Au weka lastiki pale chini, unaivuta juu nyasi zikiwa na umande na unaishusha ukimaliza.

---

Binti wa Pangani

Shikamoo fundi. Dada wa Chang'ombe ahsante sana, la ncha kuingia ndani ya kizibao sikuliwaza kabisa.

Fundi naomba unifafanulie kitu. Hilo jaketi la upepo ndilo litanikinga na mvua Morogoro, au ninunue koti la mvua jingine? Ninalo koti la mvua la plastiki lakini nikilivaa dakika kumi ndani nimelowa kuliko nje.

---

Fundi wa Majengo

Marahaba mwanangu.

La plastiki liache nyumbani. Linazuia maji ya nje na linazuia jasho lako lisitoke, kwa hiyo unalowa tu kwa maji yako mwenyewe. Jaketi la upepo linahimili manyunyu, mvua ya kweli halihimili. Lakini kwa Juni na Julai, mvua kubwa za Morogoro zimeshapita. Kinachobaki ni manyunyu yanayoshuka kutoka mlimani. Sisi wabeba mabegi tulikuwa tunautazama Uluguru kuliko tulivyotazama mpira. Wingu likikaa juu ya vilele, cheza. Likianza kushuka likafunika miteremko, tulikuwa tunatoa makoti na kufunika fimbo kabla mchezaji hajauliza.

Kwa hiyo kwa Morogoro jaketi la upepo na mwavuli vinatosha. Ukipenda kununua koti moja la mvua litakalokufaa mpaka Novemba na Desemba, mvua za Dodoma zikianza, ligeuze ndani nje ulikague mishono. La maana lina utepe uliogandishwa juu ya kila mshono kwa ndani, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Utepe ukiwa umebanduka, kama ilivyo kwa mitumba mingi, litavuja mabegani hata kitambaa kiwe kizima. Halafu dondoshea tone la maji. Likisimama na kuviringika, kitambaa bado kina dawa yake. Likienea na kunywewa, kimechoka. Lenye zipu kwapani ni bora zaidi, unaifungua na joto linatoka. Lichukue kubwa kidogo ili kizibao kikae chini yake.

Na hili nalisema kwa uzito: ukisikia radi, acha kucheza. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kusimama mwenyewe akiona kuna hatari ya radi, hakuna atakayekulaumu. Weka fimbo chini, funga mwavuli, ondoka kwenye uwazi, na usijifiche chini ya mti ulio peke yake. Nenda kwenye jengo au ndani ya gari. Nguo zilowe, zitakauka.

Glovu yako kama ni ya ngozi, beba mbili na mfuko wa nailoni. Ikilowa inateleza, badilisha, ile iliyolowa ining'inize kwenye zipu ya begi ipate hewa. Usiianike juani, inakakamaa.

---

Mtoto wa Mafinga

Kamwene wadau. Nimesoma mpaka hapa nikaona hamjasema sana ya kwetu, na dada anakuja Julai, mwezi wenyewe.

Dada, Dodoma mko kwenye mita 1,100 na kidogo, Mufindi kwenye mashamba ya chai ni karibu mita 1,900. Kila unapopanda mita elfu moja joto linapungua kama nyuzi sita hivi, kwa hiyo hata bila upepo wewe umeshapoteza karibu tano. Ukija na basi utaona mwenyewe: Mtera jua linachoma, mnafungua madirisha. Iringa mnayafunga. Mafinga mnatafuta masweta kwenye begi la mkononi, kwa hiyo kizibao usikiweke kwenye buti la basi.

Baridi yetu si ya upepo, ni ya maji. Ukungu unashuka usiku, asubuhi unaukuta umelala juu ya chai na juu ya nyasi za kiwanja, na siku nyingine hauondoki mpaka saa nne au tano. Hakuna mvua inayonyesha lakini nywele zinalowa, mabega yanalowa, viatu ndiyo kabisa. Yale ya fundi ya kuvua kwa zamu ni kweli, ila huku usishangae ukimaliza mashimo tisa hujavua kitu.

Pamba usije nayo. Sufu ndiyo ya kwetu, hata ikipata unyevu bado inatunza joto. Kizibao chako kama unaweza kupata cha sufu, hicho. Sweta lako zito ulilolilalamikia lilete pia, la kuvaa jioni ukiwa umekaa karibu na moto, huko ndiko kazi yake. Soksi za sufu pea mbili, moja miguuni na moja kwenye begi kavu, ubadilishe katikati ya mchezo. Miguu ikishalowa, mwili wote unapoa na huwezi kuurudisha kwa jaketi. Viatu vyako kama ni vya kitambaa, vipake nta au tafuta vya ngozi.

Na mikono. Weka mikono mfukoni kati ya mpigo na mpigo, usione aibu. Vidole vikifa ganzi hujui tena umeibana fimbo kiasi gani. Mpira nao kwenye hewa ya baridi ya asubuhi hauendi mbali kama mchana jua likiwaka, kwa hiyo asubuhi chukua fimbo yenye nguvu zaidi ya ile unayoifikiria, upige kwa utulivu. Ukilazimisha nguvu na misuli imepoa, utaumia mgongo. Tembea kwa haraka na uzungushe mikono kabla ya mpigo wa kwanza.

Karibu sana, chai ipo.

---

Mkazi wa Nkuhungu

Fundi, na mimi nimejifunza. Hilo la kupuliza kitambaa kesho naenda kulijaribu kwenye hizi sweta zangu mbili. Je, kizibao kinafaa chini ya jaketi la ngozi?

---

Fundi wa Majengo

Kinafaa sana kijana wangu. Kivae badala ya sweta moja, mikono itakuwa myepesi kwenye usukani na kifua kitabaki na joto lilelile.

---

Binti wa Pangani

Wakuu, ahsanteni mno. Leo nimepita Msalato. Nimepata jaketi la nailoni rangi ya kijani kibichi, nimelipuliza, pumzi haipiti. Halipigi kelele. Fulana za polista mbili, na kizibao cha sufu cha kijivu kilichotumika kidogo sana, muuzaji ameniambia kimetoka kwenye belo jipya. Soksi za sufu sijazipata bado.

Jaketi nimelijaribu kwa mtindo wa fundi, viganja pamoja, nikazungusha. Likapanda mpaka juu ya mkanda. Kitambaa chake ni kizuri na sitaki kuliacha. Fundi, unaweza kuniwekea hicho kikwapa kabla ya mwisho wa mwezi? Upo upande gani wa soko?

---

Fundi wa Majengo

Jumatatu baada ya kazi nitakuwepo mpaka saa moja usiku. Nitakutumia maelekezo ya mahali kwenye ujumbe wa faragha. Njoo na jaketi, njoo na kizibao na lile shati la kola utakalovaa chini, maana nikipima juu ya nguo tofauti kipimo kinabadilika. Na fimbo moja ije nayo, ile ndefu. Nje ya kibanda kuna nafasi ya kutosha kuizungusha, nitaona kwa macho yangu ubavu unavutwa wapi ndipo nifumue.

Soksi za sufu mwulize mama anayeuza nguo za watoto upande wa kushoto ukiingia sokoni, huwa anazo za wakubwa chini ya meza.